Kijana Akikabidhiwa Mtaa

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wazee wa mtaa, wazazi na vikundi vya vijana, Mombasa

Mwenyekiti amenipa dakika hamsini na kunionya kwamba umeme ukipotea niendelee vivyo hivyo. Nitajitahidi nimalize kabla haujapotea.

Nimeombwa nizungumzie faida za programu za vijana katika jamii. Mada ni nzuri, lakini mtu anaweza kuizungumzia saa nzima kwa kuorodhesha tu: michezo huleta afya, ushauri huwaepusha na mihadarati, mafunzo huleta ajira. Sote tungeitikia, tukanywa chai, tukaenda zetu. Kwa hiyo nimejipunguzia kazi. Nataka tuulizane ni kitu gani hasa ndani ya programu hizi kinachombadilisha kijana, kwa sababu zipo zilizofaulu, na zipo nyingi tulizoziona hapa kwetu ambazo leo zimebakisha fulana kuukuu na bango lililopauka. Jibu langu, ambalo nitalitetea kwa hoja nne, ni kwamba kijana hubadilika anapokabidhiwa kazi ya kweli ambayo watu wengine wanaitegemea, akapewa na mamlaka ya kuifanya. Mpira, muziki, kompyuta, cherehani, hivyo vyote ni vya kumleta mlangoni.

Nitangulize jambo moja kwa wazee, maana nimesikia hapo nje mzee akisema kwamba mambo ya vikundi vya vijana yameletwa na wafadhili. Mzee wangu, hapa pwani vijana walijipanga kabla ya wafadhili kuwako. Lamu walikuwa na hirimu zao, kila rika na wajibu wake katika mji. Na mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa, vikaanza vyama vya beni. Vijana wakajipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakashona sare, wakashindana kwa gwaride na ngoma hadi mji usilale. Ngoma hizo zikavuka mpaka hadi Tanganyika, na mwanahistoria Terence Ranger akaziandikia kitabu kizima mwaka 1975. Watu wazima wa enzi hizo waliona ni upuuzi na ubadhirifu, na watawala wa kikoloni walizitazama kwa wasiwasi. Lakini mwanachama akiugua alichangiwa, akifa alizikwa na wenzake. Aliyeziendesha alikuwa kijana mwenyewe, na pesa zilitoka mfukoni mwake.

Sasa hoja zangu.

Hoja ya kwanza: kazi itangulie, na iwe ya faida kwa mtaa.

Twendeni Nairobi, bonde la Mathare, mwaka 1987. Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akishughulika na masuala ya mazingira, alikuta watoto wakicheza mpira wa majuala yaliyoviringwa na kufungwa kwa kamba. Watoto walitaka mpira wa kweli na refa wa kweli. Walipata ligi, lakini kwa sharti: nao waufanyie mtaa wao jambo. Mathare wakati huo, kama mitaa mingi ya mabanda, haikuwa ikizolewa taka. Mitaro iliziba, mvua ikinyesha maji machafu yakaingia vyumbani, na maradhi yakafuata. Basi timu ikashika reki, beleshi na toroli. Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kinachojulikana kote kwa kifupi chake, MYSA.

Angalieni jinsi walivyoliweka jambo lenyewe. Timu ikishinda mechi inapata pointi tatu, kama ligi yoyote. Timu ikimaliza zamu yake ya kusafisha mtaa inapata pointi sita, na zinaingia kwenye msimamo uleule wa ligi. Maana yake ni kwamba timu yenye mafundi wa mpira lakini wavivu wa beleshi haiwezi kuchukua kombe. Na mtoto wa miaka kumi na mmoja anawaamsha wenzake alfajiri ya Jumamosi kwa sababu asipowaamsha msimamo utawaumbua. Mwaka 1992 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira liliwapa tuzo ya Global 500. Mimi nilichokipenda zaidi ni hesabu ile ya sita kwa tatu. Aliyeipanga aliwaelewa watoto.

Linganisheni na jambo mnalolikumbuka vizuri zaidi. Mwaka 2020, corona ilipofunga kazi, serikali ilianzisha Kazi Mtaani. Mombasa na Kilifi zilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo. Baadaye vijana zaidi ya 200,000 nchi nzima wakaingia, wakifyeka nyasi, wakizibua mitaro, wakilipwa kwa siku. Mitaa ilisafishika, na katika miezi ile ya njaa pesa zile ziliweka unga nyumbani. Sitakubali mtu aitukane Kazi Mtaani mbele yangu. Lakini mwaka 2022 pesa zilipokoma, na kazi ilikoma. Mtaro uliozibuliwa mwezi wa pili ukaziba tena, na kijana aliyeuzibua akawa anauruka kama sisi wengine. Kwa nini auzibue? Kazi haikuwa yake. Aliitwa na msimamizi, akahesabiwa, akalipwa, akaambiwa basi.

Kwa hiyo taka zilezile, beleshi lilelile, na vijana walewale wa mabanda, na matokeo mawili mbalimbali. Tofauti ni kwamba Mathare kazi iliingizwa ndani ya kitu ambacho vijana walikuwa wanakipenda na kukimiliki tayari. Nawasihi wale mnaoandika maombi ya miradi mlitafakari hilo kabla ya kufikia ukurasa wa bajeti.

Hoja ya pili: mamlaka yakae mikononi mwa vijana wenyewe, hata kama wataharibu.

Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, na mimi najua tunaposhindwa kwa sababu ni mwalimu, na mwalimu hapendi kuachia chaki. Tunasema kikundi ni cha vijana, halafu mwenyekiti ana miaka 52, mweka hazina ni mkewe, na kijana ni "mwakilishi". Anaitwa siku ya wageni, asome risala.

Mathare walikwenda njia nyingine. Kanda zao huongozwa na vijana waliochaguliwa na vijana wenzao. Nidhamu pia waliiwekea mfumo wao. Mchezaji anayemjia juu refa hukuta adhabu yake ni kushika filimbi mwenyewe na kuchezesha mechi za watoto. Fikirini kijana wa miaka kumi na saba, mwenye mdomo, anasimama katikati ya watoto ishirini na wawili wa miaka tisa, kila mmoja akimlilia kwamba ameonewa. Mimi ni mwalimu wa miaka mingi na sijui adhabu nyingine inayofundisha upesi kiasi hicho. Upande wa pili, walianzisha kadi ya kijani, apewe mchezaji aliyeonyesha uungwana. Na kazi za kujitolea, kufundisha timu ya wadogo, kuongoza usafi, kuelimisha wenzao juu ya Ukimwi, zote zilihesabiwa kwa pointi, na waliokusanya nyingi walilipiwa karo moja kwa moja shuleni. Karo haikuwa sadaka. Kijana aliweza kumwambia mama yake, hii nimeifanyia kazi.

Niwasimulie nilichokiona karibu zaidi. Katika kikundi kimoja cha mtaa, ambacho sitakitaja kwa kuwa wenyewe wamo humu ukumbini na watajidai, yuko binti wa miaka kumi na minne anayeshika daftari la stoo. Ni daftari la kawaida la shule, jalada limevishwa karatasi ya kaki. Kila wiki anapiga mistari kwa rula: jina, saa ya kufika, kifaa kilichotoka, kifaa kilichorudi, sahihi. Nilikuwa nimeketi naye pale kizingitini alipokuja mshambuliaji wa timu, kijana anayemzidi kimo kwa kichwa kizima, akachukua jozi ya njumu na kusema atazirudisha kesho. Binti hakuinua sauti. "Kaka, andika kwanza." Kaka akacheka, akamtazama, akanitazama mimi, akaona sina msaada. Akachutama, akaandika. Alipokosea tarehe binti akamwambia aikate kwa mstari mmoja, asifute, "tusionekane tunaficha."

Sasa, mama yake binti yule aliniambia nyumbani ni mtoto asiyesikika kabisa. Na hakuna aliyempeleka kwenye semina ya uongozi. Semina zenyewe mnazijua: hotelini, maji ya chupa, kalamu yenye nembo, na nauli mwisho wa siku. Tumewapitisha vijana wetu kwenye semina za uongozi hadi wamejua majina ya wapishi, na wakirudi mtaani hawana cha kuongoza. Daftari la stoo lina njumu ndani yake. Likipotea, watu kumi na mmoja hawachezi Jumapili.

Hoja ya tatu ni ya wasichana, nami nitakaa hapa kidogo, kwa sababu katika vikundi vingi neno "vijana" tukilichungulia ndani tunakuta wavulana watupu.

Mfano wake ni wa hapa jirani, Kilifi. Mwaka 2001 Sarah Forde, mwandishi wa michezo kutoka Uingereza, alianzisha pale pamoja na wasichana wa kijijini ligi ya mpira iitwayo Moving the Goalposts. Wakati ule kumwambia mzazi wa Kilifi kwamba bintiye atavaa kaptura na kukimbilia mpira mbele ya watu lilikuwa jambo la kujadiliwa na ukoo. Na nisiwaonee wazazi. Hofu zao zilikuwa na sababu: njia ni ndefu, jioni giza huingia, na wako wanaume ambao binti akipita huacha kazi waliyokuwa wakiifanya.

Lakini kulikuwa na kizuizi kikubwa kuliko kaptura, nacho ni muda. Mvulana akitoka shule ana jioni yake. Msichana ana maji ya kuchota, kuni, chakula cha jioni, na mdogo wake mgongoni. Programu inayotangaza mazoezi saa kumi jioni, karibuni nyote, tayari imewafungia wasichana nje, hata kama bango lina picha ya msichana. Ndiyo maana ukienda viwanja vya huko unaweza kumkuta mchezaji amekuja na mtoto wa nyumbani kwao. Mtoto analazwa kwenye leso chini ya mwarobaini, anaangaliwa na waliotolewa, na mpira unaendelea. Waliolikataza hilo kwingine, kwa kisingizio cha utaratibu, walibaki na viwanja vyenye utaratibu mzuri visivyo na wasichana.

Kilifi nao walikabidhi. Wasichana ndio waliopanga ratiba za ligi, waliofundisha timu, walioshika filimbi, waliojifunza huduma ya kwanza, na waliokaa na wenzao kuzungumza juu ya hedhi, mimba na magonjwa kwa lugha wanayozungumza wao, wakati sisi walimu tulikuwa tukilipita somo hilo mbiombio tukitazama dirishani. Naona Mwalimu wa Sayansi pale anacheka, anajua ninachokisema. Mwaka 2008 Forde alitoa kitabu juu ya maisha ya wasichana hao wa pwani na mpira wao.

Kwa nini hili lina uzito katika hoja yangu? Kwa sababu kwa msichana tunayaona mabadiliko waziwazi zaidi. Binti aliyezoea kupuliza filimbi na kumwambia mtu mzima kocha "rudi nyuma ya mstari" amejaribu sauti yake hadharani na hakuna kilichomdhuru. Atakapohitaji kuitumia mahali pengine, kwa mtu anayemwahidi simu au lifti ya pikipiki, haitakuwa mara ya kwanza. Sisemi hatadanganyika, wala filimbi si ngao. Nasema tu ana kitu ambacho mwenzake aliyefungiwa jikoni hana.

Hoja ya nne ni fupi, ni ya umri. Katiba yetu ya 2010 inamtaja kijana kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35, na fedha za serikali zina mstari kama huo: Hazina ya Vijana ya mwaka 2006, kisha Uwezo Fund, humtaka mtu awe na kitambulisho na, mara nyingi, kikundi kilichosajiliwa. Ni sawa, mkopo haupewi mtoto. Lakini matokeo yake ni kwamba tunamkuta kijana akiwa tayari amekaa maskani, pale vijiweni, miaka sita. Tunamwambia aunde kikundi, naye anaunda kikundi cha kuchukulia mkopo: watu kumi wanaokutana siku ya kutia sahihi na kukimbiana siku ya kulipa. MYSA na Kilifi waliwapata wakiwa darasa la nne, la sita. Walipofika umri wa mkopo walikuwa wameshaaminiana na kuchokana na kupatana. Miaka kati ya kumi na kumi na saba haina wizara, na ndiyo tunayoiacha wazi, halafu tunashangaa ni nani aliyeingia.

Mnakumbuka Mei 2024, kaunti yetu ilipopiga marufuku muguka, majani yale ya kutafuna. Wengine tulishangilia, wengine wakaenda mahakamani, na mahakama ikasimamisha marufuku. Sitaki kuufungua mjadala ule usiku huu, nitapigwa. Nauliza tu: siku ile kijana wa maskani alipoambiwa acha, aliambiwa aende wapi?

Niseme na mipaka, nisije nikawauzia dawa ya kila maradhi. Kikundi cha mtaa hakileti ajira mahali ambapo hakuna ajira. Kijana mwaminifu, mwenye nidhamu, aliyeshika daftari miaka saba, anaweza kukaa bila kazi vilevile kama mzembe, na hilo humuumiza zaidi kwa sababu alitegemea. Aliyekwisha kuzama katika unga wa kulevya anahitaji kliniki na dawa, na kumwambia aje acheze mpira ni kumkosea. Wala kufaulu hakukai milele. Mathare United, timu iliyozaliwa na MYSA mwaka 1994, ilichukua Moi Golden Cup mwaka 1998, ikachukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008, na miaka ya karibuni imepita misukosuko hadi ikashuka daraja. Pesa za wafadhili huja na huenda, na taasisi huchoka kama watu.

Kinachobaki ni watu waliokwisha kujua kazi inavyofanywa. Mwaka 2001 Kibera kulianzishwa shirika la Carolina for Kibera. Miongoni mwa waanzilishi wake watatu alikuwamo Salim Mohamed, aliyekuwa amefanya kazi MYSA. Akavuka mji na ujuzi wake, na Kibera nao wakawa na ligi inayosafisha mtaa. Wafadhili wanapouliza matokeo endelevu, mimi huwajibu kwa habari hiyo, ingawa najua hakuna kisanduku chake kwenye fomu.

Basi tufanye nini hapa kwetu? Nina maombi, na nimeyapeleka tayari kwa maandishi kwa wanaohusika ili yasiishie kwenye makofi.

La kwanza ni viwanja. Viwanja vya wazi vya mtaa huu vinaliwa, kila mwaka ukuta mpya. Vilivyosalia salama ni vya shule, na Jumamosi lango linafungwa kwa mnyororo. Walimu wakuu mliopo, naomba tukae kabla ya likizo ya Agosti, tukubaliane ni nani atakayeshika ufunguo. Nami napendekeza aushike kijana, na awajibishwe.

Wazee wa mtaa, nawaomba kila maskani mliyo na ugomvi nayo muiulize swali moja: ni kazi gani katika mtaa huu mnaweza kuichukua iwe yenu? Taa zilizokufa, mtaro wa nyuma ya soko, watoto wanaovuka barabara asubuhi. Wakijibu kwa mzaha mara ya kwanza, rudini mara ya pili.

Wazazi wenye mabinti, tutakuja majumbani, mlango kwa mlango, kuulizana saa ambayo binti anaweza kuachiwa bila nyumba kusimama. Huenda ikawa Jumamosi saa tatu asubuhi, huenda ikawa siku nyingine. Mazoezi yatapangwa baada ya majibu hayo, na ikiwa wavulana watalazimika kucheza saa nyingine, watacheza saa nyingine.

Na wawakilishi wa wadi, msitupe fulana. Tupeni bima ya ajali uwanjani na sanduku la huduma ya kwanza, na tuwe na mkutano mmoja kila muhula ambapo vijana wenyewe wanasoma hesabu ya walichopewa, kwa daftari lao, mbele yenu.

Karatasi za kujiandikisha kwa mkutano huo wa viwanja, wa kabla ya likizo ya Agosti, ziko pale mlangoni. Umeme bado upo, nashukuru. Mwenyekiti, kabla hujafungua maswali, nina ombi la mwisho: watu wazima tunyamaze dakika kumi za mwanzo, na swali la kwanza litoke kwa yeyote humu ambaye hajatimiza miaka kumi na minane. Yule kijana mwenye jezi ya bluu ameinua mkono tangu nilipoitaja muguka.